Subira ya Uani

Kata ya Kurasini, wilayani Temeke, imebeba mambo mengi kuliko ukubwa wake. Upande mmoja ni bandari, gati la meli za mafuta na matangi yake. Upande mwingine ni Chuo cha Polisi, Chuo cha Diplomasia kilichoanzishwa mwaka 1978, makao makuu ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, na Makao ya Taifa ya Watoto, ambako serikali hupokea watoto waliokosa wa kuwalea. Anayetafuta mahali pa kuulizia historia ya malezi ya Kikristo jijini Dar es Salaam hana haja ya kwenda mbali, maana dola, kanisa na mtoto asiye na mtu wamepanga kata moja. Na swali lenyewe ni la siku zote. Mahubiri ya malezi humwambia mama wa mtoto wa miaka miwili kwamba subira ni tunda la Roho, basi aiombe. Sina ugomvi na sala. Ninachobisha ni dhana inayofuatana nayo, kwamba subira ni akiba ya moyo wa mtu mmoja, na kwamba mama anayepandwa na hasira mtoto anapojigaragaza chini akikataa uji amepungukiwa imani. Historia ya eneo hili inasema vingine. Kwa sehemu kubwa ya wakati tunaoujua, subira kwa mtoto mdogo ilitokana na watu waliomzunguka, na ilipopungua ni kwa sababu watu hao waliondolewa: kwa utumwa kwanza, halafu kwa kazi ya kibarua na kodi ya chumba, na hatimaye kwa tingatinga.

Tuanze na waliokuwapo kabla ya misheni. Mwambao huu ulikuwa wa Wazaramo na Washomvi, na maelezo bora ya desturi za pwani ya wakati ule yameandikwa na mwenyeji, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Mtoro hakianzi kitabu chake na vita wala biashara. Anaanza na mimba na uzazi, kisha anampitisha mtoto hatua kwa hatua hadi chuoni kwa mwalimu wa Kurani, ambako fimbo ilikuwa na kazi yake bila mtu kuona haya. Lakini chuoni mtoto hakupelekwa akiwa na miaka miwili. Mafundisho ya Kiislamu, ambayo pwani nzima iliyajua, yanataka mtoto aanze kuamrishwa swala akiwa na miaka saba, na ndipo akifika kumi aadhibiwe kwa kuiacha. Aliye chini ya hapo hana hesabu. Anadeka, ananuna, anavunja chungu, na lawama inamwendea mkubwa aliyekiacha chungu karibu naye.

Kipindi kigumu cha mtoto huyo kilijulikana vizuri, nacho kilikuwa kuachishwa ziwa. Mama alipaka shubiri kwenye chuchu, na mtoto aliyezoea kifua cha mama usiku na mchana akajikuta amefungiwa mlango bila maelezo. Kulia, kung'ata na kujitupa chini kulikofuata hakukuitwa ukaidi. Kulitarajiwa, na dawa yake mara nyingi ilikuwa kumhamisha mtoto kwa bibi yake, mtu mwenye muda na asiye na kichanga kingine cha kunyonyesha. Pamoja na hilo kulikuwa na imani ya kubemenda, kwamba wazazi wakikutana kabla mtoto hajaacha ziwa, mtoto atadhoofu. Daktari wa leo ataikataa sababu hiyo, lakini matokeo yake hawezi kuyapuuza: mimba ilipishana na mimba, na mama hakuwa na watoto wawili wanaobebwa kwa wakati mmoja. Utaratibu mzima ulilinda subira ya watu wazima kabla haijajaribiwa.

Sisemi kwamba pwani ilikuwa peponi. Pwani hiyohiyo ilishika watumwa, na mtoto wa mtumwa hakuwa na bibi wa kumkimbilia. Pengine bibi huyo alikuwa amebaki ng'ambo ya Ziwa Nyasa, au amekufa njiani. Hapa ndipo Ukristo unapoingia katika habari yetu, na ni muhimu kuona uliingia kwa mlango gani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na sehemu ya fedha zao ilitoka kwa chama cha Utoto Mtakatifu, kilichoanzishwa na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, mwaka 1843. Watoto wanaocheza ngoma mbele ya altare kila Jumapili katika parokia za Dar es Salaam, wakiwa na skafu shingoni, ni wa shirika lilelile, ingawa ni wachache wanaokumbuka kwamba michango ya watoto wa Ulaya ilitumika kuwakomboa watoto wa Afrika waliokuwa wanauzwa. Waanglikana wa UMCA nao waliwalea Unguja wavulana waliotolewa kwenye majahazi, katika shule ya Kiungani. Simulizi za wavulana hao kuhusu kutekwa kwao zilichapishwa na A. C. Madan mwaka 1887, na ni usomaji mzito hata leo. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifika Pugu mapema mwaka 1888. Nao walikabidhiwa watumwa waliokombolewa, na misheni yao ilishambuliwa tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa. Wabenediktini waliporudi walijijenga Dar es Salaam, na orodha za vituo vyao vya zama za Wajerumani zinaitaja Kurasini yetu, kwa tahajia ya Kollasini.

Kwa hiyo familia ya kwanza ya Kikristo katika eneo hili haikuwa baba, mama na watoto. Ilikuwa bweni. Wamisionari walipokea watoto wengi wasio na wajomba, wasio na shangazi, wanaosema lugha tofauti, na wakubwa wa kuwaangalia walikuwa wachache, tena wenye homa. Katika hali hiyo kengele haikwepeki. Saa ya kuamka, saa ya sala, saa ya kazi ya shamba, mstari wa kwenda kula, adhabu inayofanana kwa kosa linalofanana: hivi ndivyo mtu anavyolea watoto mia akiwa na mikono kumi. Kuwalaumu kwa hilo ni rahisi kwa aliyeshiba. Bila wao wengi wa watoto hao wangeishia sokoni au kaburini. Lakini tofauti kati ya lazima na kielelezo ni kubwa. Utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya watoto waliopokonywa jamaa zao ulikuja kuonekana kuwa ndio malezi ya Kikristo yenyewe. Kijana aliyelelewa kwa kengele alipooa na kupata mtoto hakuwa na mfano mwingine, kwa kuwa hajawahi kumwona bibi akimbembeleza mjukuu aliyenuna. Akayapeleka nyumbani yale aliyoyajua: unyamavu, utii wa papo hapo, na fimbo.

Fimbo yenyewe ilipata nguvu kutoka upande ambao si wa kanisa. Utawala wa Wajerumani uliitawala pwani kwa kiboko, na hesabu ya viboko 25 ilizoeleka mpaka ikawa na jina lake, hamsa ishirini. Waingereza walipunguza makali, hawakuiacha. Tulipojitawala tuliirudishia makali kwa mikono yetu: Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliweka viboko 24 kwa makosa kama wizi na rushwa, nusu mfungwa anapoingia gerezani na nusu anapotoka, ili mkewe naye, ikasemwa kwa mzaha, apate kuviona. Shuleni, kanuni za mwaka 1979 zilimpa mwalimu mkuu mamlaka ya kuchapa, na mwaka 2002 idadi ikapunguzwa hadi viboko vinne. Mtu akipanga miaka hii ataona kwamba mzazi wa Temeke anayemchapa mtoto wa miaka miwili na kusema ndivyo tulivyolelewa na ndivyo Biblia inavyosema, anaunganisha nasaba mbili ambazo hazimhusu mtoto wa umri huo. Kiboko cha boma kilikuwa cha watu wazima, na cha shule kilikuwa cha wanafunzi. Aya za Biblia zilikuja baadaye kukifunika, kama kitambaa kinavyowekwa juu ya meza iliyokuwapo tayari.

Hapo msomaji makini wa Biblia atanisimamisha. Mithali sura ya 13 inamhesabu baba anayeizuia fimbo kuwa anamchukia mwanawe, na hekima ya Waswahili inakubaliana naye: mchelea mwana kulia hulia yeye, na samaki hukunjwa angali mbichi. Pingamizi hili ni la kweli na halijibiwi kwa kupindisha maneno. Jibu lake ni umri. Kitabu cha Mithali ni kitabu cha kumfunza kijana anayeanza kuingia ulimwenguni: kinamwonya juu ya marafiki wabaya, ulevi, uvivu, dhamana za fedha na mke wa mtu. Huwezi kumwonya mtoto anayejifunza kuvaa kandambili asiwe mdhamini wa deni la jirani. Kanisa Katoliki kwa upande wake limeweka mpaka ulio wazi. Mwaka 1910 Papa Pius X aliamua kwamba mtoto apokee Komunyo ya kwanza karibu na miaka saba, kwa kuwa hapo ndipo anapoanza kuwa na akili ya kupambanua, na Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 97, zinamhesabu aliye chini ya miaka saba kuwa hajawa na mamlaka juu ya matendo yake. Hatakiwi kuungama. Sasa, ikiwa padre hana dhambi ya kumwondolea, mzazi anamwadhibu kwa dhambi ipi? Inapendeza kuona kwamba mpaka huu wa miaka saba ndio uleule wa swala katika mafundisho ya Kiislamu. Mkristo wa Kurasini na jirani yake Mwislamu wamerithi, kila mmoja kwa njia yake, sheria inayosema mtoto mdogo hana kesi.

Wengine watamwita Agostino shahidi. Mwafrika huyu wa Thagaste, katika Maungamo yake, alimtazama mtoto mchanga anayemwonea wivu mwenzake wa ziwa moja, akaona kwamba hata hapo dhambi ya asili imekwisha kutia mizizi. Ni kweli aliona hivyo. Lakini Agostino huyohuyo, kurasa chache mbele, analalamika juu ya viboko alivyopigwa shuleni na watu wazima waliokuwa wakivicheka, na kutoka katika wivu wa mtoto hakutoa agizo la kumchapa. Alitoa hoja kwamba sote tunahitaji neema. Yohane Krisostomo, aliyeandika kuhusu kulea watoto katika karne ileile ya nne, alimshauri baba asizoee kupiga, kwa kuwa mtoto aliyezoea kipigo hukidharau. Na Paulo, anapoandikia Waefeso na Wakolosai, onyo lake juu ya malezi linawaendea akina baba: wasiwatie watoto uchungu, wasiwavunje moyo. Mtu asiyeamini kwamba Ukristo una mapokeo ya upole kwa watoto ataweza kutulia na Mithali 13 peke yake, lakini atakuwa ameruka sehemu kubwa ya maktaba.

Katika maktaba hiyo kuna jambo moja dogo linalonivutia kuliko hayo yote. Paulo alipotaka kutaja chimbuko la imani ya Timotheo, alianza na bibi yake, Loisi, ndipo akamtaja mama, Eunike. Barua imeandikwa kwa msaidizi wake mpenzi, na malezi yake yanahesabiwa kuanzia kwa mwanamke wa kizazi cha juu. Msikilizaji wa Kizaramo hangehitaji ufafanuzi.

Turudi mjini, maana ni mji uliovunja mpango ule, ingawa si kwa mkupuo. Mwaka 1948 Dar es Salaam ilikuwa na watu kama 69,000. Mwaka 1957 walikuwa 128,742, na 1967 wakafika 272,821. Gati za kina kirefu zilifunguliwa bandarini mwaka 1956. Kabla na baada ya hapo makuli wa bandari waliajiriwa kwa siku, kwa mtindo wa kibarua, na migomo yao ya 1939, 1943 na 1947 ilihusu zaidi ya mshahara: mtu asiyejua kama kesho ana kazi hawezi kumleta mama yake kutoka Kisarawe aje kumsaidia kulea. Alikuja mwenyewe, akaleta mke baadaye, na bibi akabaki shamba. Kwa hesabu ya familia ya damu, mama wa mjini alikuwa amebaki peke yake na mtoto wake.

Lakini hakubaki peke yake kwa hesabu ya nyumba, na hapa ndipo ufundi wa Dar es Salaam ulipoonekana. J. A. K. Leslie, ofisa aliyeuchunguza mji mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha utafiti wake mwaka 1963, aliieleza vizuri nyumba ya Kiswahili: ukumbi wa katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma pamoja na jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, bila kujali kabila wala dini ya mpangaji. Nyumba hiyo ilikuwa na faida ambayo haikuandikwa kwenye mkataba wowote. Mtoto aliyejifunza kutembea alijifunza kutembea uani, ambako mmoja anafua, mwingine anachambua mchele, wa tatu anasukwa nywele, na mwenye nyumba, mara nyingi mwanamke wa makamo aliyeitwa bibi na watoto wa wapangaji wote, amekaa kwenye mkeka akitazama kila kitu. Mama Mkristo kutoka Songea au Masasi aliyemwacha bibi wa damu huko kwao alimkuta bibi mwingine hapo, akiwa Mwislamu na Mzaramo. Mtoto akinuna kwa mama yake, alichukuliwa na wa chumba cha pili kabla mama hajakasirika. Subira ya mama huyo, ukiichunguza, ilikuwa ya wanawake wanne waliokuwa wakipokezana.

Nadhani historia ya ujirani wa dini mbalimbali katika mji huu imeandikwa mno kwa upande wa siasa na kidogo mno kwa upande wa uani. Mtoto wa Mkristo alibembelezwa kwa nyimbo za Kizaramo, akafundishwa kula kwa mkono wa kulia na kusema shikamoo, mwezi wa Ramadhani akafuturu kwa jirani, na jioni mama yake akamfundisha ishara ya msalaba. Hakuna aliyeona kwamba imani yake imechafuliwa. Imani ilikuwa ya mama na baba kuifundisha. Kumvumilia mtoto ilikuwa kazi ya nyumba nzima.

Sasa pingamizi zito kuliko la Mithali. Anayesifu mikono mingi, mtu atasema, anasahau mikono hiyo ilifanya nini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliochapishwa 2011, uliwakuta karibu robo tatu ya vijana, wasichana kwa wavulana, wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18, na wasichana karibu watatu kati ya kumi wametendewa ukatili wa kingono. Jirani na ndugu wamo katika orodha ya waliotenda. Mama anayefunga mlango wa chumba chake leo ana sababu, na mimi si mtu wa kumwambia aufungue kwa kila apitaye. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba vipigo vilitoka zaidi kwa wazazi na walimu, yaani kwa watu waliokuwa na mamlaka juu ya mtoto bila mwingine kutazama. Uani ulikuwa na watu wengi, na ulikuwa wazi vilevile. Anayempiga mtoto hapo alipigiwa kelele na wenzake. Hatari inaanza pale mtoto anapokuwa na mtu mmoja mahali pafichefu, awe mjomba au mama mzazi aliyechoka.

Kuna pingamizi la kitaalamu pia, na bahati nzuri limechunguzwa jirani yetu. Mary Ainsworth alikaa Uganda mwaka 1954 na 1955, akatembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, na kitabu chake cha 1967 ni mmoja wa misingi ya elimu ya leo kuhusu mshikamano wa mtoto na mlezi wake. Alitaka kuchunguza desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi anapoachishwa ziwa, akakuta imekwisha kufifia. Wanaoamini kwamba mtoto anahitaji mama tu wanamtegemea sana. Wanasahau kwamba watoto aliowaona wakiwa na utulivu walikuwa na walezi kadhaa, na kwamba idadi ya walezi haikuwa ndiyo iliyotenganisha watoto watulivu na wenye wasiwasi. Lililotenganisha lilikuwa mama kuwapo na kumsikiliza mwanawe. Kwa hoja yangu hili ni onyo na ni msaada. Ni onyo, kwa kuwa bibi hawezi kuwa kisingizio cha mama kujiondoa, na kumng'oa mtoto ghafla kutoka kifuani kumpeleka wilaya nyingine kulikuwa na maumivu ambayo desturi iliyapa jina zuri. Ni msaada, kwa kuwa mama aliyepokelewa mzigo mchana ndiye anayeweza kusikiliza jioni.

Kanisa lenyewe, likiangaliwa kwa matendo kuliko kwa mahubiri, lilielewa jambo hili. Baada ya uhuru masista walifungua shule za vidudu, na pale Msimbazi wakafundisha walimu wa chekechea kwa mbinu za Maria Montessori, yule daktari Mwitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Rome, mtaa wa vibarua uliofanana na Keko au Kurasini kuliko tunavyodhani. Humo mtoto wa miaka mitatu anamimina maji kutoka jagi hadi jagi, na mwalimu anasubiri. Mwaka 1972 ikaundwa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ulioadhimisha miaka 50 katika Uwanja wa Mkapa, Temeke, Septemba 2022. Katikati ya miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki waliziweka jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa uchungaji. Waprotestanti walikuwa na vikundi vyao vya akina mama kabla ya hapo. Wakosoaji husema vyama hivi vimegeuka kuwa sare za vitenge na michango ya harusi. Kuna ukweli, na bado jumuiya ya nyumba kumi au ishirini zinazokutana alfajiri ya Jumamosi ndiyo kitu pekee mjini kinachokaribia uani wa zamani: watu wanaojua jina la mtoto wako na wanaoweza kugonga mlango bila kupiga simu kwanza. Udhaifu wake uko kwingine. Jumuiya inasali kwa ajili ya mama aliyechoka kwa nusu saa, halafu kila mmoja anakwenda zake.

Kurasini yenyewe, wakati huohuo, imepungukiwa na uani. Katika miaka ya 2010 serikali ilitwaa eneo la Shimo la Udongo kwa ajili ya kituo cha biashara na usafirishaji. Kaya zikalipwa fidia, zikatawanyika, nyingi pembezoni mwa jiji. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016 kati ya Kurasini na Kigamboni liliwarahisishia njia waliohamia ng'ambo, lakini halikuwarudisha majirani. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinajulikana kwa kila aliyewahi kuthaminiwa: thamani ya ardhi, nyumba na miti, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Mthamini anahesabu mnazi. Hana safu ya mwanamke wa chumba cha pili ambaye kwa miaka minne alikuwa akimshika mtoto saa za soko. Familia ikifika Chanika au Kongowe inajenga nyumba ya vyumba viwili na ukuta, na inajivunia ukuta huo, halafu mama anashangaa kwa nini hasira zake zimeongezeka baada ya kupata kwake.

Sheria ya nchi, tofauti na desturi ya fimbo, imekwisha kufika mahali pema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, haikatazi kila namna ya kumrudi mtoto, lakini inasema hakuna kumrudi kunakohalalishwa ikiwa mtoto, kwa udogo wa umri wake, hawezi kuelewa kwa nini anarudiwa. Mtoto wa miaka miwili amelindwa humo kikamilifu, na kwa hoja ileile ya kanuni ya 97. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali, iliyozinduliwa Desemba 2021, inazungumzia malezi yenye mwitikio. Vyote hivi vinamfundisha mzazi afanye nini. Kumwongezea mtu wa kusaidiana naye ni kazi nyingine, na kanisa lina chombo chake ambacho limekiacha kipate vumbi.

Chombo hicho ni msimamizi wa ubatizo. Katika ibada, kabla ya maji, anaulizwa kama yuko tayari kuwasaidia wazazi katika kumlea mtoto huyu, na anajibu ndiyo mbele ya watu. Kanuni ya 874 ya Sheria za Kanisa inataka awe ametimiza miaka 16, amepata Kipaimara na Ekaristi, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Haisemi akae wapi. Kwa hiyo Dar es Salaam msimamizi huchaguliwa kwa cheo na uwezo. Anafika siku ile na suti, anashika mshumaa, anatoa zawadi, na mtoto hamwoni tena mpaka Komunyo ya kwanza. Paroko hahitaji waraka kutoka makao makuu ya maaskofu pale Kurasini ili kuongeza maswali mawili ofisini kabla ya kuandika jina katika kitabu cha ubatizo: msimamizi anakaa mtaa gani, na siku za kazi anashinda wapi. Maswali hayo mawili yangebadili orodha ya wanaoombwa, na bosi mwenye gari angempisha mjane wa nyumba ya tatu, mwenye mkeka na mchana mrefu.